Karatasi za Ambokile

Msasani, Tukuyu

Mama yangu,

Shikamoo. Kama barua imefika imejikunja usinilaumu mimi, laumu mvua ya huku, inaingia hadi ndani ya bahasha. Goti linaendeleaje? Na yule mbuzi keshazaa, au bado anaringa kama wewe ukivaa kitenge kipya? Mimi ni mzima, nanenepa kwa ndizi na maziwa, ila usingizi sina. Nitakueleza, usiniharakishe.

Kwanza nijisifu. Ulisema mwanaume wa kukoroga unga hajazaliwa kwenye ukoo wenu. Basi kazaliwa. Siku hizi unga wa ngano na siagi ya kopo vimejaa madukani, hakuna tena foleni wala kujuana na mwenye duka, na mdogo wako anaoka keki hapa nyumbani: sufuria kwenye mchanga wa moto, makaa juu ya mfuniko. Keki tamu, wanunuzi hakuna. Nyumba imejificha nyuma ya migomba, na mama mdogo ni mpole, hajui kujitangaza. Nikamwambia aniachie mimi mwenye kichwa.

Nikachora kibao kwa mkaa, mvua ikakifuta asubuhi ile ile. Nikamwomba mzee wa kanisa atutangaze baada ya ibada, akatutaja kati ya michango ya bati na ndama aliyepotea, watu wakamkumbuka ndama. Nikawaonjesha akina mama wa kwaya vipande vidogo kama ukucha. Wakaonja, wakaonja tena, wakaimba, wakaenda zao. Ndipo nikapata akili ya kufungia keki kwenye karatasi yenye jina letu, ili keki ikitembea na jina litembee nayo bure.

Karatasi nilizipata chini ya kitanda ninacholalia, ndani ya sanduku la bati: madaftari ya shule ya marehemu Ambokile, mwanawe mama mdogo. Unajua kitanda hiki kilikuwa chake, na kaburi lake liko hapo kwenye migomba, hatua chache kutoka jikoni. Vitu vyake viligawiwa siku ya kuanua matanga, nikadhani sanduku limesahauliwa. Mwanao sikufikiri, mama. Nilichana kurasa, pembeni mwa kila moja nikaandika: Keki za Mama Ambokile, Msasani, nyuma ya mashine ya kusaga.

Watu wakaja. Walitoka Lufingo, walitoka mpaka Isongole kwenye viazi. Siku ya nne akaja muuza ndizi mmoja aliyekuwa Chunya kwa mumewe mwaka mzima, habari za msiba hazikumfikia. Mkononi ana karatasi yetu imelowa mafuta, uso umejaa furaha.

"Mama Ambokile, kumbe mtoto karudi kutoka shule? Huu si mwandiko wake? Yeye ndiye aliyekuwa ananiandikia barua."

Mama mdogo hajui kusoma, unamjua. Aliipokea, akapitisha kidole kwenye zile herufi zinazolalia kushoto, akakaa chini pale pale penye unga. Hakunitukana. Afadhali angenipiga. Alisema tu, "Zirudishe."

Nimezunguka wiki nzima kwa miguu. Nyingine zilikwisha kuwashia moto. Mzee mmoja wa Isongole alikuwa amesokotea tumbaku, akanionyesha moshi, akacheka. Bibi mmoja aliibandika ukutani kwa sababu ina mchoro wa moyo na mishipa yake. Nilimpa keki nzima ndipo akaibandua, akasema ndaga, asante ya huku, kama mimi ndiye niliyemfadhili.

Nilirudi na kurasa kumi na saba. Mama mdogo akazipangusa, akaniambia nisome. Nami unajua nilivyoacha shule. Nikasoma mmomonyoko wa udongo, nikasoma faida za mbolea, yeye kafumba macho kama anayeongeleshwa na mwanawe. Sasa kila tukishaosha sufuria ni kusoma. Kurasa zikaisha, nikazirudia, halafu, Mungu anisamehe, nikaanza kusoma yasiyoandikwa. Kwamba amefika salama. Kwamba kifua hakimbani tena. Maneno yananitoka laini, bila kukwama, mimi ninayekwama hata kwenye jina la wilaya. Sijui nayatoa wapi. Na juzi nilipoandika matangazo mapya kwenye karatasi za dukani, niliona herufi zangu zinalalia kushoto.

Jana aliita kutoka jikoni, "Ambokile, leta makaa." Nikaitika, "Naam, mama," nikampelekea. Akayapanga juu ya mfuniko, akanishukuru. Hakuna aliyeshtuka. Nilishtuka baadaye, nilipotoka nje na kuiona migomba.

Mama, nikiacha kusoma, nitakuwa nimemzikia mtoto wake mara ya pili. Nikiendelea, sijui mimi nitabaki wapi. Wewe ni dada yake. Njoo, hata kwa goti hilo. Na kama huwezi, mwandikie barua ya kwake mwenyewe, nitaisoma kama ilivyo, sitaongeza neno.

Nisalimie bibi mzaa baba, mwambie bado namdai hadithi. Nisalimie mdogo wangu wa kike, asiguse baiskeli yangu. Na yule mwalimu aliyesema sitasoma kitu mbele ya watu, mwambie nasoma kila siku.

Juu ya bahasha andika jina langu kwa herufi kubwa. Nitakaa nalo mfukoni, nikiitwa nilitazame kwanza kabla ya kuitika.

Ni mimi mwanao,
Festo