Samaki bila bukari

Mireille, mjukuu wangu,

Salamu kutoka Ruashi. Mama yako amerudi salama toka Lukafu na mahindi yake. Mimi nimechoka tu, magoti yanagoma. Unauliza kwa nini insulini hupanda kwa mtu mwenye afya aliyekula nyama bila sukari.

Nilijifunza hilo nikiwa stajieri, mwanafunzi wa mazoezi, katika maabara. Damu yangu ilipaswa kulinganishwa na ya wagonjwa, kwa hiyo niliagizwa nisile. Sukari ikaonekana ya kawaida, insulini juu. Daktari aliamini nimechanganya mirija, akataka kunifukuza.

"Ulikula?"

"Hapana, dokta, sikukula."

"Hata kidogo?"

"Samaki tu, asubui. Bukari haikukuwa."

Wenzangu walicheka. "Uyu naye! Bila bukari, anasema hakukula!" Lakini nyumbani kwao pia, asiyekula bukari, yaani ugali, huhesabu hajala; wangejibu vilevile.

Daktari akaketi, akanieleza. Protini ya samaki huvunjwa kuwa asidi amino. Zikifika katika damu, kongosho hutoa insulini ili mwili uzipokee. Insulini peke yake ingeshusha sukari, kwa hiyo kongosho hutoa pia glukagoni, inayolifanya ini liachie sukari kidogo. Ndiyo maana sukari yangu haikuyumba.

Hakunifukuza. Alinipa kazi ya kuwahoji watu kabla ya sindano. Sikuwauliza kama wamekula, niliuliza, "Toka jana mangaribi, uliweka nini mu kinywa?" Majibu yalikuwa marefu, na wengi tuliwarudisha nyumbani mpaka kesho yake.

Mkono umechoka, mama. Ubaki na amani.

Nkambo wako