Makofi ya Ghalani

Jumanne, 8 Julai

Mkojo wa asubuhi kwa awamu tatu. Chai, vidonge, kofia. Zaituni ameniwekea suruali ya akiba kwenye mfuko, nami nikajifanya sikuona. Mke wangu anajua ugonjwa. Namba hazijui. Namba ni za ghalani.

Nimevuka mpaka kwa miguu. Askari wa upande wa Kenya ananijua tangu nilipokuwa naendesha lori, hata kitambulisho hakuangalia.

Mkutano kwa Wafula, ndani ya ghala lake la mahindi pale Busia. Tunakutana ng'ambo kwa sababu huku kwetu kila mtu anamjua kila mtu, na kule hakuna anayeuliza wazee tisa wanafanya nini kwenye mahindi. Halafu gunia ni laini kuliko kiti. Mwenye saratani ya tezi dume anajua thamani ya kitu laini cha kukalia.

Kulikuwa na mgeni kutoka Lumino, anatetemeka. Sista Nekesa, muuguzi mstaafu anayetuongoza, akamweleza habari ya namba. Kipimo cha damu, kila miezi mitatu. Ikishuka, ugonjwa umelala. Ikipanda, umeamka. Kila mmoja anapima anakoona karibu, kisha anakuja kututajia. Sista hadai karatasi. Watu wazima hawakaguliwi.

Wafula: moja nukta nane. Obbo, mkulima wa Kirewa: mbili kamili. Makofi mpaka vumbi likapanda. Makofi ni wazo langu, nililileta mwaka jana tulipokuwa tunakaa kama watu wa matanga. Najivunia. Hata yule wa Lumino alitabasamu.

Jumanne, 22 Julai

Joto la ghafla limenishika katikati ya sala ya kufungua mkutano. Ni sindano hii ya kila miezi mitatu. Inazima uume ili kuzima ugonjwa, na inatuachia majasho ya wanawake waliokoma hedhi. Mimi napepea kofia, Wafula anapepea kifuniko cha debe. Obbo mkavu, kofia imetulia kichwani. Nikamuuliza kama yeye wanamchoma maji.

"Mimi mwili yangu ilizoea, Dereva," akasema. Wote tukacheka. Nimemwonea wivu kweli.

Baadaye tulitembea pamoja mpaka kwenye pikipiki za kwenda Tororo. Akaniambia lililo moyoni. Mkewe, Mama Akoth, yuko kwa kaka yake kule Mukuju tangu kabla ya Krismasi. Obbo hajawahi kumwambia kuwa anaumwa. Mama Akoth aliona tu mume ambaye kila baada ya wiki mbili anaoga, anavaa koti, anakwenda Busia, na akirudi analala akitazama ukuta. Ameshahukumu kuwa kuna mwanamke. Ningekuwa yeye ningehukumu vivyo hivyo.

Nikamwambia amwambie. Akasema akimwambia, atarudi kwa huruma, na huruma hataki. Nikaacha. Sheria ya ghala ni kwamba ya ndani hayavuki mlango. Hiyo nayo niliitunga mimi.

Jumanne, 5 Agosti

Obbo amekuja na karanga za kuchemsha, mfuko mzima. Mama Akoth amerudi nyumbani. Tumempigia makofi kuliko namba yoyote. Alikuwa kama bwana harusi, mzee wa miaka sitini na nne. Sista alimuuliza kama sindano ya Julai ameshachomwa. Ndiyo, Tororo. Karanga zilikuwa na chumvi nyingi. Nimekula zote.

Jumanne, 19 Agosti

Obbo analalamika mgongo. Anasema ni jembe, wanapanda msimu wa pili. Sista hakupenda. Akamtaka akapige picha ya uti wa mgongo wiki hii hii. Obbo akasema akishapalilia. Mimi, mjuaji, nikasema mgongo wa mkulima kuuma si habari. Obbo akanishukuru kwa macho.

Jumanne, 2 Septemba

Obbo hakuja. Simu haipatikani. Hakuna namba mpya, hakuna makofi. Mkutano mfupi.

Alhamisi, 4 Septemba

Kirewa. Saa nzima kwa pikipiki, matuta yote nimeyahesabu kwa makalio.

Obbo amelala kwenye mkeka ubavuni mwa nyumba. Miguu haisikii. Siku tatu haisikii. Mama Akoth anamkanda kwa maji ya majani, amechoka, macho mekundu. Nikajitambulisha kwa jina ambalo Obbo ananiita. Akasimama akanitazama toka kofia mpaka viatu.

"Wewe ndio Dereva? Mimi nilikuwa nafikiri Dereva ni mwanamke."

Alikuwa ameliona jina kwenye simu ya mumewe. Aliliona kila baada ya wiki mbili. Nilitaka kucheka, nikashindwa.

Tumetafuta gari, tumempeleka hospitali ya Tororo, anakotibiwa. Njia nzima Obbo hakunitazama.

Ijumaa, 5 Septemba

Wamempima damu. Namba: mia tatu na arobaini.

Nilidhani daktari kakosea. Nikamwambia Julai ilikuwa mbili. Akafungua faili. Sindano ya mwisho Obbo alichomwa Oktoba mwaka jana. Tangu hapo hakuna. Ugonjwa umeingia kwenye uti wa mgongo, ndiyo maana ya miguu. Daktari alisema taratibu, kama anayeongea na mtoto. Kumbe jasho lilikauka kwa sababu hakukuwa na dawa ya kulitoa. Mimi nilikaa gunia la pili kutoka kwake nikamwonea wivu.

Nikamwendea pale kitandani. Alikuwa ameelekea ukutani. Nilikuwa na hasira ya kumpiga mgonjwa. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Jumapili, 7 Septemba

Leo amezungumza. Mama Akoth alikuwa amekwenda kufua.

Aliacha sindano ili awe mume tena. Alitaka Mama Akoth arudi, amkute mwanaume. Aprili akapima, kumi na tisa. Akaogopa. Akaja ghalani siku hiyo kusema. Kweli alikuja kusema. Lakini Wafula alitangulia, namba yake imeshuka, tukapiga makofi, Wafula akasimama akacheza kidogo. Zamu ya Obbo ikafika. Akasema tatu.

"Ningesema nini, Dereva? Mikono yenu ilikuwa iko juu tayari."

Nakumbuka siku hiyo. Nakumbuka makofi ya Obbo niliyaanza mimi.

Nikamvutia blanketi kwenye miguu isiyosikia baridi. Kisha nikaaga kama mwoga.

Jumatano, 10 Septemba

Mama Akoth amenisubiri mlangoni mwa wodi na kopo la mbegu za mtama. Chini ya mbegu kuna bahasha tatu za maabara. Alizipata akitafuta mbegu. Yeye Kiingereza hasomi. Akataka nimsomee.

Nikasema ni mambo ya mumewe, amuulize yeye. Akasema alimuuliza, akafunga macho. Akaniuliza sasa kama mimi ni rafiki au ni mlinzi wa geti.

Nikavunja sheria ya ghala. Nimesoma tarehe na namba, moja baada ya nyingine. Januari nne. Aprili kumi na tisa. Julai sitini na moja. Nikamweleza sindano inafanya nini kwa mwanaume, naye ni mke wa mtu, na mimi nikiangalia sakafu. Nikamweleza kwa nini Obbo aliiacha. Kwa ajili yako, nikasema. Nilidhani nampa kitu cha kumfariji.

Kisha akasema, na sauti haikupanda:

"Kwa kitanda? Mimi nina miaka hamsini na sita, Mzee. Mimi sikutoka kwa sababu ya kitanda. Nilitoka kwa sababu aliacha kuongea na mimi."

Akachukua bahasha zake akaingia ndani. Kupitia mlangoni nilimwona amekaa ukingoni mwa kitanda. Walizungumza Kidhopadhola, lugha ya kwao, sikuelewa neno. Mara Obbo akaanza kulia kwa sauti, mbele ya wodi nzima, na Mama Akoth akamfuta uso kwa kanga yake akiendelea kuongea. Nimeondoka. Moyo wangu umevunjika na sijui niuweke wapi.

Jumanne, 16 Septemba

Ghalani. Nimewaambia kila kitu, pamoja na makofi. Sista aliinamisha kichwa. Yule wa Lumino aliuliza kama Obbo atatembea tena. Hatatembea. Wafula alitoka nje, akasema anaangalia mizani.

Jumapili, 21 Septemba

Wamemruhusu arudi nyumbani. Hakuna zaidi la kufanya hospitalini, isipokuwa dawa ya maumivu. Mama Akoth amesema vizuri, nyumbani wataongea.

Alhamisi, 25 Septemba

Obbo amefariki jana alasiri. Mama Akoth alinipigia mwenyewe. Walipata siku tatu tu za kuongea pale nyumbani. Alisema alikuwa anamsimulia habari ya fahali aliyemkimbiza Obbo shambani wakiwa wachumba, na Obbo alikuwa anacheka, kisha hakucheka tena.

Nimelia mbele ya Zaituni. Hakuuliza. Amezima jiko akakaa karibu.

Jumamosi, 27 Septemba

Maziko Kirewa. Watu wengi, mvua kidogo. Tulikwenda wote wanane na Sista, tukakaa mstari mmoja, tumevaa kama waombaji kura.

Mshereheshaji akatuita. Marafiki wa marehemu kutoka Busia wasimame, waseme walikuwa nani kwake. Tukasimama. Wafula akashika kipaza sauti akasema sisi ni wenzake wa biashara ya mahindi. Biashara ya mahindi. Na mimi, niliyemzoea kuliko wote, nikatikisa kichwa kukubali.

Mama Akoth akanyanyuka pale kwenye mkeka wa wafiwa. Hakuomba kipaza sauti.

"Hawa si wa mahindi. Hawa ni wagonjwa kama yeye. Mume wangu alikufa na saratani ya tezi dume. Yeye alificha, mimi nasema. Nyinyi wanaume mko hapa, mwende mpimwe. Na mkipimwa, mwambie bibi yenu."

Wazee waliangalia miguu yao. Mwanamke mmoja nyuma akasema asante. Mchungaji akaendelea na ibada. Sijawahi kuaibika hivyo, na sijawahi kumheshimu mtu hivyo.

Jumanne, 30 Septemba

Gunia la Obbo hakuna aliyelikalia. Wafula alikuwa na namba mpya: mbili. Mikono miwili mitatu ikainuka kwa mazoea, ikashuka. Sauti moja tu ya kofi, nadhani ya yule wa Lumino. Akaona haya.

Nimepimwa damu nikirudi. Zamu yangu imefika.

Jumatatu, 13 Oktoba

Bahasha yangu. Kumi na moja. Ilikuwa tatu.

Nimesoma mara mbili nikiwa nimesimama barabarani, malori yananipita. Sindano sijakosa hata moja. Kwa hiyo ugonjwa umejifunza kuishi na sindano. Naogopa. Naandika tena: naogopa.

Halafu aibu kubwa kuliko hofu. Njiani kurudi nyumbani nimejikuta nasema kwa sauti ya chini, tatu. Tatu. Tatu nukta moja, ili isionekane imetungwa. Mimi, niliyemzika Obbo juzi.

Zaituni aliuliza nimetoka wapi. Nikasema kununua sabuni. Na sabuni sikuwa nayo.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimevuka mapema. Nimekaa kwenye gunia la Obbo makusudi, ili nisiweze kudanganya nikiwa pale.

Sista akauliza nani ana namba. Nikasema kumi na moja.

Hakuna aliyepiga makofi wala kusema pole. Nilisikia panya kwenye mahindi. Sista aliandika, akaweka kalamu chini, akasema keshokutwa twende kwa daktari, kuna dawa nyingine za kujaribu. Nikasema sawa. Nilikuwa nimetoa jasho mpaka kwenye soksi.

Ndipo Wafula akanyanyuka, akaenda kwenye meza ya mizani, akafungua droo. Akarudi na bahasha. Akaishika kwa mikono miwili bila kuitoa karatasi.

"Wazee, ile ya juzi niliwadanganya. Si mbili. Ni ishirini na saba."

Akaniangalia mimi. Sijui alitaka nini kwangu. Nilisogea kwenye gunia, likabaki pengo la mtu mmoja, naye akaja akakaa. Tulikaa hivyo, bega kwa bega, mpaka Sista alipomimina chai. Keshokutwa tunakwenda wote wawili.

Nimefika nyumbani saa kumi. Zaituni alikuwa kwenye mkeka anachambua mchele. Nimemwambia: namba yangu ni kumi na moja, ilikuwa tatu. Nimemweleza maana yake, na safari ya daktari keshokutwa, nikiwa nimesimama na kofia mkononi. Aliendelea kuchambua kidogo. Kisha akauliza keshokutwa tunaondoka saa ngapi.

Akasogeza ungo. Nikakaa, nikamsaidia kutoa mawe.