Kiti cha Maboksi cha Mama

Kilimatinde,
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Magoti yanasemaje huko Issuna? Kaka Samweli, wewe unayemsomea, soma yote, usirukeruke kama unavyofanya na Zaburi. Sisi huku tu wazima, na tumbo langu sasa linaingia mlangoni kabla yangu.

Mama, sijasahau ulivyoondoka mara ile. Ulikwama kwenye kigoda changu kifupi, na mume wangu Ntandu amesimama pale pale, hawezi kukushika mkono, maana mkwe hamgusi mama mkwe. Mpaka jirani alipokuja kukunyanyua. Ukasema hutarudi tena kuaibishwa na magoti. Nami nikamzaa bila wewe yule mtoto ambaye hakukaa. Hilo linaniuma hadi leo.

Kwa hiyo nimekutengenezea kiti. Seremala wetu yuko Manyoni anapaua shule, harudi kabla ya mavuno. Nikachukua maboksi matupu ya dukani anakofanya kazi Ntandu. Yale ya chupa za Bwana Shauri, yule mzungu wa bomani, ndiyo mazito. Nimeyakata vipande nikavibandika kimoja juu ya kingine, mistari ya hiki ikikatiza ya kile, mpaka unene ukafika kiganja. Miguu sikuweka. Ndani nimesimamisha kuta zinazopishana kama masega ya asali, na kiti chote kimekaa chini. Gundi ya kwanza nilipika kwa unga wa uwele, kama tunavyopika uji kwetu. Panya wakala mgongo mzima! Ya pili nikapika kwa muhogo na pilipili nyingi. Hawajarudi.

Kilipokauka, Ntandu akakikalia kwa uzito wake wote, akajirusharusha. "Hata tembo angekaa!" Nami nikapiga vigelegele. Ndipo tukatazamana. Mkwe ameshakalia kiti cha mama mkwe!

"Basi nimekiharibu," akasema, na chakula cha siku hiyo hakukimaliza.

Nikaanza kingine. Nimekimaliza jana. Ntandu akipita anajibana ukutani asikiguse hata kwa kanzu. Nimekipandishia magunia mawili ya mtama, kikatulia. Pembeni nimekiwekea mikono ya juu, ujisukume uinuke mwenyewe bila kumngoja mtu.

Nisalimie baba, na wifi yangu anayekupikia, na shangazi mwenye macho mabovu. Mwambie nikimwona nitamshika mkono mwenyewe. Ntandu anakuamkia kwa mbali, kwa heshima zote.

Mama, naogopa. Mchana nacheka na watu, lakini naogopa. Mwezi huu ukiisha nitajifungua. Kiti nimekiweka karibu na kitanda changu, na hakuna mtu aliyekikalia. Njoo.

Ni mimi mwanao,
Damari