Mkono wa Leander

Little Wester, Newfoundland
9 Oktoba 1966

Kwa shemeji Hayward,

Salamu kutoka kwangu na kwa mama yenu, ambaye magoti yamemshika lakini mdomo uko mzima kabisa. Sijui huko Toronto mnaendeleaje. Ukizidi kunyamaza tutasema kiwanda kimekumeza. Mimi sijambo, nakula, nalala.

Shemeji, nasomea mtihani wa leseni ya redio ya ridhaa, ya kuongea na watu hewani. Usicheke. Vitabu vya Leander ninavyo, mashine yake ninayo, na Morse, zile herufi za nukta na vistari, alinifundisha mwenyewe miaka sita mezani hapa, chai ikipoa. Mkaguzi anatahini St. John's mwezi ujao.

Nakupa sababu, kisha uniite mwendawazimu. Tangu barafu ya bahari imchukue mume wangu Machi iliyopita, kila Jumapili baada ya chakula mimi hufungua redio yake. Mwezi wa nane nikamsikia. Yuko mbali, chini ya mikwaruzo, anagonga D-R-U, D-R-U, kwa mkono wake uleule, namna yake ya kugonga. Bila leseni naruhusiwa kusikiliza tu. Unamjua nduguyo na sheria za hewani. Nikimjibu kienyeji atanifokea kwanza ndipo anisalimie. Ananiita, shemeji, na mimi nimekaa kama gogo. Nataka kumjibu, basi.

Shemeji yako,
Drusilla


Toronto
23 Oktoba 1966

Kwa shemeji Dru,

Barua imefika. Nashukuru mdomo wa mama bado unafanya kazi. Mimi ni mzima. Kiwanda hakijanimeza, kinanitafuna polepole.

Dru, umenitisha. Leseni hutolewa kwa watu wanaotaka kuzungumza na walio hai. Loweka samaki wako wa chumvi, nenda kanisani, lala mapema. Nilitaka niishie hapo, lakini nimekaa na kalamu saa nzima. Nakuuliza, na mama asijue: ni masafa gani? Na anakuita wewe peke yako?

Shemeji yako,
Hayward


Little Wester
4 Desemba 1966

Kwa shemeji Hayward,

Hatujambo, ila mama ana kikohozi. Nawe upone hayo mafua, maana nakujua, hukosi mafua Desemba.

Nimeanguka, shemeji. Maswali ya umeme nilijibu, michoro nilichora mpaka mkaguzi akainua nyusi. Ikaja Morse. Akagonga, nikaandika, akasoma karatasi yangu akasema, "Mama, hii ni lugha gani?" Sikuelewa herufi zake hata nusu.

Kumbe Leander alikuwa na ila. Anavuta pumzi, yaani anatua, katikati ya herufi, kisha anaunganisha mkia wake na herufi inayofuata. Nimejifunza kwa mtu mmoja tu, nikaona dunia nzima inagonga hivyo! Mkaguzi hakuwa mkali. Aliniambia nisahau niliyofundishwa, nianze upya kwa mtu anayegonga sawasawa. Nililia njia nzima kwenye treni, mwanamke mzima.

Nitafutie utepe wa mazoezi ya Morse huko mjini, uliogongwa safi. Masafa nimeyaandika nyuma ya karatasi hii. Na ndiyo, ananiita mimi peke yangu. Nisamehe.

Shemeji yako,
Drusilla


Toronto
22 Januari 1967

Kwa shemeji Dru,

Natumaini kikohozi cha mama kimeisha. Mafua nilipata, mchawi wewe.

Utepe sitatuma. Nimeyakalia masafa yako Jumapili tano. Nasikia mikwaruzo, basi. Mke wangu anadhani nimepatwa na kitu kichwani, na mimi sibishi. Mimi ndiye niliyeondoka huko. Ningekuwepo siku ile, Leander asingetoka peke yake kwenye barafu ya bahari kuwinda sili. Sina barua yake, sina kaburi lake. Nilicho nacho ni wewe kuniambia, "Jumapili hii pia ameita."

Masikio yako yakinyooshwa yasikie Morse ya watu wengine, Dru, utampoteza, na mimi nitampoteza pamoja nawe. Usirudi kwenye mtihani. Nakuomba, na unajua mimi si mtu wa kuomba.

Ndugu wa Leander,
Hayward


Little Wester
28 Mei 1967

Kwa shemeji Hayward,

Sisi wazima. Nakuombea uwe mzima pia, hasa utakapomaliza kusoma haya.

Barua yako ya Januari ilikwama kwa ajili ya barafu. Meli ya kwanza ilitia nanga tarehe saba Mei. Mfuko wa barua ulishuka, mimi nikapanda. Nilikwenda kwenye mtihani, shemeji. Bi Tryphena anayegonga simu za Morse posta alininoa majira yote ya baridi, kila nikivuta pumzi vibaya ananichapa vidole kwa rula. Nimefaulu. Niliporudi, mama alikuwa ameiweka barua yako juu ya redio. Ilikuwa Jumapili, nami kwa kiherehere nikafungua redio kabla ya kufungua barua.

Nilisikia D-L-A. Mnara fulani wa kuongoza meli, unajitaja mchana na usiku. Nukta ni zilezile za D-R-U, vistari ni vilevile. Kilichobadilika ni mahali pa kuvuta pumzi. Nilijaribu kusikia jina langu kama zamani, nikajaribu mpaka kichwa kikaniuma. Halirudi. Ndipo nikasoma barua yako, nikatamani kuichoma leseni. Nisamehe, Hayward.

Jana niliwasha mashine, nikaita mtu yeyote aliye hewani, kwa herufi zangu mpya za kituo, zile nilizopewa na leseni. Mafunzo ya Bi Tryphena yakaniponyoka yote, nikagonga kama Leander alivyonifundisha. Akajibu mzee mmoja wa Visiwa vya Faroe. Alisema, "Herufi za kituo ni ngeni, lakini mkono huu naujua. Leander, ulipotelea wapi mwaka mzima?"

Niliweka kidole juu ya kibonyezo nimsahihishe. Akaniita tena. Kisha akauliza, "Dru hajambo?"

Sikumsahihisha, shemeji. Nikamjibu kwamba hajambo, ila amekonda.

Shemeji yako,
Drusilla