Jiko la Kusimama

Kisimamajongoo,
Unguja.
14 Machi 1971

Mpendwa Mama Mdogo Mwatum,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta u mzima hapo Tanga, wewe na baba mdogo na watoto, na kwamba ule mguu uliokuwa ukikusumbua sasa unakanyaga vizuri. Sisi huku miili yetu haina neno, alhamdulillahi. Ningependa salamu ziishie hapo na nikutakie usiku mwema, lakini nina jambo limenikaa kifuani na sina mwingine wa kumwambia. Ukishasoma utanilaumu, na una haki.

Ulisikia kwamba nyumba za mtaa wetu zinavunjwa na sote tunahamia kwenye majumba mapya ya ghorofa. Yetu imeshapigwa alama ya chokaa mlangoni. Tumepewa ghorofa ya tatu: vyumba viwili, maji ya mfereji ndani, taa kila chumba. Ufunguo ninao. Watu wananipongeza njiani na mimi naitikia kwa meno yote nje.

Shida ni jiko, mama mdogo.

Mara ya mwisho ulipokuja, dada yako alikuwa bado anaona kidogo. Hujamwona akipika tangu macho yazime kabisa. Anakaa chini kwenye kibao chake, mafiga mbele, mtungi kushoto, mbuzi ya kukunia nazi kulia, kuni nyuma ya mgongo. Kila kitu anakifikia bila kunyanyuka. Moto anaujua kwa joto usoni, mchuzi anaujua kwa mlio. Mimi nafundisha skuli tangu asubuhi, nikirudi nakuta muhogo umeiva na tui limetiwa, na kama kuna mchele wa mgao wa foleni, nakuta wali umekaa punje punje. Hajapata kuungua hata siku moja. Akiwa pale jikoni mama si kipofu, ni mwenye nyumba.

Mwaka juzi, kabla majumba hayajachorwa, alikuja mhandisi mgeni na karani wa hapa, jina lake Pandu. Walitaka kutazama wanawake wa mtaa wanavyopika siku za kawaida, ili jiko jipya lichorwe kwa kufuata hivyo. Majirani wakachagua nyumba yetu, kwa kuwa mimi mwalimu na eti najua kusema na wageni.

Wewe mwenyewe unajua mgeni kwetu hapelekwi uani, na mgeni mwanamume ndiyo kabisa. Tukakutana wanawake saba, tukaona haya. Atukute tumechuchumaa kwenye moshi, majivu miguuni? Nikaenda mtaa wa Hurumzi kwa Bi Dolatkhanu, mama wa mwanafunzi wangu, akaniazima meza ndefu na stovu ya mafuta ya taa. Tukaipanga meza chumba cha mbele na sufuria zinazong'aa, mlango wa uani tukautia komeo. Na mama nikampeleka kwa jirani. Nilimdanganya kwamba watu wa dawa ya mbu wanakuja kupiga nyumba. Sikutaka mgeni amwone.

Mhandisi akauliza, Pandu akafasiri: nani mpishi wa nyumba hii? Nikasema mimi. Mnapika kwa kusimama? Nikasema siku zote. Basi akanisimamisha kwenye meza ya watu, akanipima toka sakafuni hadi kiwiko, akaandika. Nikamkirimu kahawa na halua. Siku ile nilijiona mtu kwelikweli, mpumbavu mimi.

Sasa majiko yote ya majumba yale yamejengwa kwa kiwiko changu. Kibaraza cha saruji cha kupikia kimenifika kiunoni, kimeshikana na ukuta. Pa kusimama ni hatua mbili, na mlango ukifunguliwa pa kukaa hapana. Kuni marufuku, moshi hauna pa kutokea. Mafuta ya taa nayo unayajua yalivyo adimu.

Jumapili iliyopita nilimpandisha mama akapazoee. Alipanda ngazi akicheka, akipapasa kuta, akisema zimepigwa laini. Kufika jikoni akainama kuitafuta sakafu. Akajaribu kukaa, magoti yakagonga saruji. Akasimama, akapeleka mkono juu ya kibaraza taratibu, akaishika stovu niliyoileta kuijaribu, na ndiyo kwanza nimetoka kuizima. Ameungua vidole viwili. Hakulia, alisema tu, "Mize, pa kukaa pako wapi?"

Pandu alikuwa hapo anakagua mifereji. Si mtu mbaya, alitaka kumliwaza. Akamwambia, "Usihuzunike, bibi, utapazoea. Jiko hili kapimiwa binti yako mwenyewe. Tulimkuta kwenu anapika mezani, tukamuuliza mpishi nani, akasema yeye."

Mama akauliza ilikuwa lini. Pandu akamtajia, wiki ile baada ya Idi ndogo. Mama akapuliza vidole vyake. Kisha akasema, "Kumbe hapakuwa na dawa ya mbu."

Nilitamani ghorofa lile linimeze. Nikamfuata Pandu ngazini, nikamsihi kibaraza chetu kikatwe, hata kwa nyundo yangu mwenyewe. Akasema mchoro ni mmoja kwa majumba yote na hana ruhusa ya kugusa hata tofali. Akanishangaa pia, maana mimi ndiye niliyesema.

Jiko letu la zamani bado lipo, halijavunjwa, lakini tangu Jumapili mama hajalikaribia. Anakaa kitandani, mikono mapajani. Napika mimi alfajiri kabla ya skuli, na wali wangu ni bokoboko. Anakula matonge mawili, ananawa, halafu ananiambia ahsante. Mama mdogo, tangu nizaliwe mama hajaniambia ahsante kwa chakula cha nyumbani kwake. Nimemuomba radhi mara tatu. Anajibu, "Nshakusamehe, mwanangu," kwa sauti ya mtu anayeaga. Bora angenipiga.

Alhamisi kaka Ame anakuja kumchukua, akakae naye Chwaka. Amesema mwenyewe kwamba anakwenda, na sina mdomo wa kumzuia. Chwaka kuna uani mkubwa na kuni tele, lakini mke wa Ame ameshaniambia hatamruhusu kipofu asogelee moto wake. Mama hajui hilo. Sijamwambia, na nimechoka kumficha mambo, na kumwambia pia siwezi. Usiniandikie kunipa moyo. Kama una njia ya kuja, njoo.

Nisalimie sana baba mdogo, na Bakar, na Shaame na mkewe, na mbusu Banu mdogo. Mwenyezi Mungu akupe umri na macho yako, na akukinge na haya ya kijinga iliyoniponza mimi.

Mama anakusalimu. Nilimuuliza nikuandikie nini kwa niaba yake. Alifikiri kidogo, akasema, "Mwambie mdogo wangu sijambo. Nimepumzishwa."

Mwanao anayekupenda na kukuhitaji,
Mize