Njiwa Waliorudi Lugoba

Dunda, Bagamoyo,
Alhamisi, 8 Mei 2025
(10 Mfunguo Pili)

Mpendwa mdogo wangu Abdulazizi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Hujambo, baba? Wifi yangu Yasmini hajambo? Na Twalha, bado anakula kama mchimba kisima, au joto la Maskati limempunguza? Lile goti lako limepoa? Sisi huku tu wazima wa mwili, alhamdulillah. Masika ya mwaka huu yametupiga kwelikweli. Uwani ni tope tupu, na mihogo yangu ya Zinga inaoza ardhini kabla sijaing'oa.

Najua unashangaa kupata karatasi badala ya simu. Anakuletea Abizer, yule wa duka la misumari na rangi, ambaye Jumapili anasafiri kuja huko kumwona kaka yake. Nimeamriwa niandike kwa mkono wangu mwenyewe, na aliyeniamuru utamjua mbele. Kaa kitako kwanza, maana mimi mpaka leo mwili unanisisimka.

Habari ni ya mwanao Najma na posa yake. Tulipoikubali posa ya Rehani, kijana wa Lugoba, bibi yake aliyemlea, Bi Maulida, alifurahi mno. Baada ya Idi akamletea Najma zawadi yake ya moyoni, jozi ya njiwa manga aliowafuga tangu makinda. Walikuja kwa basi ndani ya kikapu kilichoshonewa kitambaa juu. Unaijua njia: basi hupanda mpaka Msata, hukata kona, ndipo huja kwetu. Hawakuona hata mti mmoja.

Niliwafungia bandani siku kumi. Siku ya kumi na moja nikawaonea huruma nikawafungulia. Ilikuwa asubuhi ya mawingu mazito, jua halionekani hata kwa kubahatisha. Wakapanda juu, wakazunguka paa letu mara mbili, wakashika upande wa magharibi. Nilisimama na mtama mkononi nikiita kuu, kuu, mpaka shingo ikauma.

Sasa sikiliza ujinga wa dada yako. Badala ya kupiga simu Lugoba niseme wamenitoroka, nilikwenda kwa Pazi, mtaa wa pili, nikanunua njiwa wawili wanaofanana nao, wa kijivu wenye mstari mweusi bawani. Najma alikuwa chuoni Dar, naye nikamficha. Wale wapya nao kila nikiwaachia wanarudi kwa Pazi, mpaka nikawafunga mbawa kwa uzi. Hata hapo akili haikunifunguka. Nilidhani wanarudi kwa kuwa ni karibu.

Bi Maulida alipopiga simu kuuliza hali, nilimwambia njiwa wake hawajambo na wameshataga. Nawe nikakutumia picha, ukafurahi, ukaniambia nimpe Najma hongera. Picha ile ni ya njiwa wa Pazi, Abdulazizi. Nisamehe.

Jumapili iliyopita ndiyo walikuja kupanga siku ya nikaha, iwe Mfunguo Tatu baada ya Idi ya kuchinja. Alikuja Bi Maulida, Rehani, na mshenga wao Mzee Seleman. Nilikuwa nimepika pilau ya mbuzi mpaka majirani wanakohoa kwa harufu. Tumeamkiana, shikamoo na marahaba zimekwisha, Bi Maulida akaniuliza njiwa wake wanaendeleaje. Nikamjibu bila kupepesa jicho kwamba wanaatamia, na sauti zao hizo anazisikia uwani.

Akavuta kikapu alichokiweka nyuma ya kiti chake. Akafungua kitambaa. Akatoa njiwa jike, yule aliyekosa ukucha mmoja wa mguu wa kushoto, nami nilikuwa nimeuona mguu ule kwa macho yangu siku walipoletwa.

"Na huyu ni nani, Bi Mwanamkasi?"

Mwendo ule wote, tena kwa ndege aliyeletwa kama mzigo, gizani! Nilihisi nywele zinanisimama chini ya mtandio. Na mdomo wangu, unaujua, haujawahi kungoja akili. Nikasema kwa sauti, mbele ya mshenga, mbele ya mkwe mtarajiwa, kwamba huo ni uchawi.

Unajua neno hilo likimwangukia mwanamke mzee linamfanyia nini. Rehani aliinuka, macho mekundu, na Mzee Seleman akaanza kutafuta viatu vyake. Nilitamani nilirudishe, lakini neno si kuku.

Najma, aliyekuja kutoka chuoni kwa ajili ya wageni, ndiye aliyetuokoa. "Shangazi, si uchawi," alisema. "Njiwa ana dira mwilini." Nikamwona amechanganyikiwa kwa aibu niliyomtia. Kumbe hayo ndiyo anayosomea. Akaenda kwenye kikopo changu cha kushonea akachukua sindano, akaisugua kwenye sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya ile redio mbovu ya marehemu baba, akailaza juu ya jani la mchungwa, akaliweka jani kwenye bakuli la maji ya kunawia. Sindano ikajizungusha yenyewe, taratibu, ikasimama ikitazama kaskazini, karibu kabisa na tunakoelekea tukiswali. Akageuza bakuli, nayo ikarudi palepale. Mzee Seleman akaacha viatu akasema Subhanallah.

Alitueleza kwamba dunia yote hii tunayoikanyaga ni sumaku moja kubwa. Nguvu yake imetuzunguka usiku na mchana, sisi hatuihisi, wanyama wanaihisi. Kasa aliyeanguliwa ufukweni huishi baharini miaka na miaka, kisha hurejea kutaga pwani za kwao. Fuko anayekula mihogo yangu, kumbe naye kule chini gizani anajua upande upi ni upi. Njiwa hutazama jua, na jua likijificha hushika sumaku ya ardhi. Wataalamu waliwahi kuwafunga njiwa vipande vya sumaku siku ya mawingu, wakapotea wasijue pa kwenda.

Nikamuuliza hiyo dira imekaa wapi, maana njiwa nimechinja wengi na sijaona kitu. Akasema wengine wanadhani ni ndani ya jicho, wengine ndani ya sikio, na bado wanabishana. Hata namna anavyojua yuko umbali gani na kwao, wengine wanasema hunusa upepo. Abdulazizi, nilichoka! Wasomi wa dunia nzima hawajui, na ndege anayekula mtama wangu anajua. Nimekaa nao siku kumi, nikiwaona wajinga, nao muda wote ule wanajua kwao ni wapi.

Nikadhani basi yameisha. Nikamwomba Bi Maulida radhi kwa lile neno, nikapiga magoti kabisa. Akaniinua. Nikaamrisha pilau ipakuliwe. Ndipo akasema, polepole, bila hata kukunja uso:

"Njiwa kurudi si kosa, mwanangu. Nimefuga miaka arobaini. Mkubwa hazoei ugenini mpaka aangue hukohuko. Adhuhuri moja nikawaona juu ya bati langu, nikalia. Kwetu zawadi ya uchumba ikirudi, maana yake posa imerudi. Nikakupigia simu ili uniambie mwenyewe. Ukaniambia wametaga, nami nawatazama."

Kisha akaniuliza uongo mwingine nimeuweka wapi. Mjukuu wake anaingia nyumba ambayo mama wa nyumba ni mimi, anataka kujua. Akasema hataki simu yangu wala kiapo changu. Niandike yote kwa baba wa binti, nawe umpigie mwenyewe, umwambie kama neno la dada yako linaweza kusimamisha ndoa. Akikusikia, atapanga siku. Usipopiga kabla ya Idi, atatuma mshenga avunje uchumba kwa heshima. Wakaondoka bila kuonja hata punje ya pilau. Sijawahi kuona fedheha kama hiyo tangu nizaliwe.

Njia ya mwongo fupi, walisema, nami nilikuwa naisema kwa wengine. Rehani anampenda mwanao, naye anampenda. Tangu siku ile Najma ananisalimia, ananipikia, na hasemi zaidi ya hapo. Jana nimemsikia chumbani analia.

Nimekaa siku nne na lile swali. Ningeweza kukuandikia ya njiwa peke yake na ungenitetea, nakujua. Lakini nikikuacha umpigie Bi Maulida ukiamini hilo ndilo langu la kwanza, nitakuwa nimekutuma wewe ukaseme uongo kwa ajili yangu. Kwa hiyo sikiliza, mdogo wangu, na Mungu akupe subira.

Mwaka ule mama alipougua, ulinipigia simu mara tatu kuuliza kama uje. Nikakwambia ni malaria tu, usiache kazi uliyoipata juzi. Daktari alikuwa ameshaniita pembeni wiki mbili kabla, akaniambia hatapona. Hakufa ghafla kama nilivyokwambia. Kila alfajiri aliuliza kama umefika, nami nikamwambia umeshakata tiketi, uko njiani. Siku ya mwisho aliniomba nimgeuze autazame mlango.

Sasa unajua yote. Bi Maulida akikuuliza, mjibu kama unavyoona moyoni, na usinifichie kwa ajili ya undugu. Kama jibu ni kwamba siaminiki, basi mwombe amchukue Najma wakaishi Lugoba mbali nami, kwa maana mtoto hana kosa. Namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii.

Nisalimie Yasmini na Twalha. Shemeji yako Mikidadi anakusalimu sana, na Pazi pia. Najma nilimwomba salamu zako, akasema atakupa mwenyewe. Mwenyezi Mungu akulinde na mitihani ya ugenini, aibariki riziki yako, na amrehemu mama yetu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukikaa kimya,

Mwanamkasi