Keki ya Bushra

Bushra mwanangu,

Leo hatuendi kuona tembo. Keki ya kusherehekea kumaliza kwako kusoma kitabu cha kwanza cha Kiswahili iko kwenye friji. Mkatie na Yasini, usimbanie mdogo wako. Alfajiri wamechoma maduka ya wageni kama sisi kule mjini, na baba yenu hapokei simu. Nimekwenda kumtafuta. ~~Nitarudi adhuhuri.~~ Fungeni komeo.

Sheria ya darasa letu la hapa mezani unaijua: anayesema Kizulu anaosha vyombo. Leo mlango ukigongwa, jibu Kizulu, kilekile unachonikera nacho kila siku. Yasini anyamaze, yeye akiogopa, Kiswahili kinamtoka.

Ukimaliza kusoma, chana karatasi hii. Imeandikwa Kiswahili.

Mama, mwalimu wenu